Afisa Uhusiano Anawajibika kwa Nani?

   

Leo nataka tuwazungumzie watu ambao maneno yao mnayasikia kila siku, lakini wao wenyewe hamwaoni. Mkisikia kwenye taarifa ya habari kwamba kampuni fulani imesema hivi, shirika fulani limekanusha vile, halmashauri fulani imewahakikishia wananchi kuwa hakuna tatizo, mara nyingi maneno hayo hayakutungwa na mkurugenzi. Yametungwa na afisa uhusiano. Yeye ndiye aliyekaa usiku kuyapanga na kuamua lipi litangulie na lipi lisitajwe kabisa. Asubuhi yake ndiye aliyewapigia simu waandishi wa habari.

Ni kazi halali, na ni kazi inayohitajika. Hospitali inahitaji mtu wa kuwaeleza wananchi habari za chanjo, na mamlaka ya maji inahitaji mtu wa kusema kwa nini mabomba yamekauka. Mimi sina ugomvi na kazi hii. Swali langu jioni ya leo ni moja, na nitalirudia: huyu mtu anawajibika kwa nani?

Daktari akikosea, lipo baraza. Wakili yupo chini ya chama chake na mahakama. Mhandisi na mhasibu wana bodi zao, na bodi inaweza kumfutia mtu usajili. Afisa uhusiano je? Na ikiwa anayekutungia habari wewe uliyeko Mwanza au Mombasa ameketi ofisini katika nchi nyingine kabisa, utamshika wapi?

Nianze na kisa, kwa sababu kisa hiki kilitokea hapa hapa barani Afrika na kikaishia London.

Ilikuwepo kampuni ya uhusiano wa umma London, ikiitwa Bell Pottinger. Mmoja wa waanzilishi wake, Tim Bell, alikuwa mshauri wa Margaret Thatcher katika kampeni zake za uchaguzi. Ilikuwa kampuni yenye jina. Mwaka 2016 ikachukua kazi ya Oakbay, kampuni ya familia ya Gupta huko Afrika Kusini. Wakati huo familia hiyo ilikuwa inaandamwa na tuhuma za kuwa karibu mno na Rais Jacob Zuma na kunufaika na ukaribu huo. Ujira uliotajwa hadharani ulikuwa pauni 100,000 kwa mwezi.

Kampeni iliyopangwa ilijitambulisha kuwa ya kuwakomboa wananchi kiuchumi. Ujumbe wake, mitandaoni na kwenye majukwaa, ulikuwa huu: adui yenu ni ukiritimba wa mtaji wa Wazungu. Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Pengo la mali kati ya Waafrika na Wazungu Afrika Kusini ni la kweli. Limetokana na miaka mingi ya sheria za ubaguzi, na watu wake wanalijua bila kufundishwa na mtu wa London. Ubaya wa kampeni ile ni kwamba ililichukua donda la kweli la watu, ikalitonesha kwa ajili ya mteja aliyetaka macho yaondoke kwake. Na aliyeusikia ujumbe ule hakuambiwa nani ameulipia.

Mwaka 2017 mambo yakavuja. Waandishi wa habari wa Afrika Kusini walichimba, nyaraka zikatoka, na mwezi Julai mkuu wa kampuni akaomba radhi. Lakini kuomba radhi hakukutosha. Chama cha siasa cha Democratic Alliance kilipeleka malalamiko London, kwenye chama cha kampuni za uhusiano wa umma kiitwacho PRCA. Kilisema: huyu ni mwanachama wenu, ametia saini kanuni zenu, na hiki ndicho alichotufanyia.

Chama kikasikiliza. Mwezi Septemba mwaka huo kikaifukuza Bell Pottinger na kuizuia isiombe tena uanachama kwa muda usiopungua miaka 5. Wateja wakaanza kukimbia mmoja baada ya mwingine, na katika siku chache kampuni ikawa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Kampuni kubwa, yenye wateja marais na mabenki, ikazimika.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu kina funzo ambalo mikutano mingi ya wataalamu hailisemi. Jambo lililoiangusha Bell Pottinger halikuwa kuwepo kwa kanuni nzuri kwenye karatasi. Kanuni zilikuwepo tangu zamani. Ni kwamba watu wa nchi nyingine, walioumizwa na kazi ile, walipata mahali pa kwenda kushtaki, na wakasikilizwa. Nasema tena: walipata mahali pa kwenda kushtaki.

Na upande wa pili wa kisa ndio unaonisumbua. Kama Bell Pottinger isingekuwa mwanachama wa chama kile, ingefukuzwa na nani? Uingereza, mpaka leo, mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita mtaalamu wa uhusiano wa umma. Uanachama ni hiari. Asiyejiunga hana cha kunyang'anywa.

Tuangalie basi, kwa ufupi, viwango vya kimataifa vya kazi hii vimetoka wapi.

Mwaka 1906, Marekani, mtu mmoja aitwaye Ivy Lee, aliyekuwa anawasemea wenye migodi ya makaa ya mawe, alitangaza kwa wahariri wa magazeti kwamba kazi yake itafanyika mchana kweupe, kwamba habari zake zitakuwa sahihi, na kwamba mhariri yeyote anaweza kuzihakiki. Maneno mazuri, na kwa wakati wake yalikuwa mapya. Miaka 8 baadaye, mwaka 1914, wachimba migodi na familia zao, wakiwemo wanawake na watoto, waliuawa huko Ludlow, Colorado, katika mgogoro na kampuni iliyokuwa chini ya familia ya Rockefeller. Ivy Lee akaajiriwa kuisemea familia hiyo. Akasambaza taarifa zenye takwimu za uongo kuhusu mishahara ya viongozi wa wafanyakazi. Ndiye yule yule aliyeahidi usahihi. Ahadi ya mtu mmoja, bila wa kumsimamia, ilimalizika hivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa kazi hii walianza kukusanyika kimataifa. Mwaka 1955 ikaundwa IPRA, chama chao cha kimataifa. Mwaka 1961, Venice, wakapitisha kanuni za mwenendo wa kazi: usitumikie wateja wawili wanaogombana bila wao kukubali, usimwambie mteja akulipe kwa sharti la matokeo. Na mwezi Mei mwaka 1965, Athens, wakapitisha waraka ulioandikwa na Mfaransa aitwaye Lucien Matrat. Waraka huo umejengwa juu ya Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948.

Mimi naupenda waraka ule wa Athens, na nitawaambia sababu. Matrat alianza na binadamu anayepokea habari, mteja akaja nyuma yake. Alisema mtu huyo ana haki ya kupewa anachohitaji ili aamue mwenyewe. Akakataza kuuweka ukweli chini ya mahitaji mengine yoyote, akakataza kusambaza habari zisizo na msingi wa mambo yaliyothibitika, na akakataza mbinu za kumvuta mtu bila yeye kujua kuwa anavutwa. Hebu ifikirieni Bell Pottinger mkiwa na waraka huu mkononi. Imevunja kipengele kipi? Karibu vyote. Nusu karne kabla, mtu alikuwa ameshaandika kwamba hayo yasifanywe.

Kwa hiyo kanuni hazikukosekana. Tena ziliendelea kuongezeka. Mwaka 2000 vyama vya nchi mbalimbali vikaunda muungano wao wa dunia, Global Alliance. Mwaka 2010, Barcelona, wapimaji wa kazi hii wakakubaliana jambo ambalo maafisa uhusiano wengi wa kwetu hawatalipenda. Mnajua ule mtindo wa kukata habari zote za kampuni kwenye magazeti, kupima ukubwa wake kwa rula, kisha kupiga hesabu kwamba kama zingekuwa tangazo la kulipia zingegharimu shilingi kadhaa, na kumpelekea bosi kwenye jalada kwamba hiyo ndiyo faida tuliyoleta? Barcelona walisema kipimo hicho hakifai. Ukubwa wa habari haukuambii kama mwananchi ameelewa, ameamini, au amebadili chochote. Na mwaka 2018 Global Alliance ikatoa orodha ya uwezo 11 anaopaswa kuwa nao mtaalamu wa kazi hii popote duniani, kila nchi ikiachiwa nafasi ya kuipanga kulingana na mazingira yake.

Hiyo nafasi ya mazingira ndiyo nataka tuiingie, kwa sababu hapa ndipo viwango vya kimataifa vinapokutana na maisha yetu. Nitachukua mfano mmoja tu, na kila mwandishi anayenisikiliza ameshaujua: bahasha.

Mkutano na waandishi wa habari umekwisha. Mezani pana karatasi ya mahudhurio. Unaandika jina, chombo chako, namba ya simu, unatia saini. Unapewa bahasha. Inaitwa nauli. Kanuni za IPRA, zilizounganishwa kuwa waraka mmoja mwaka 2011, zinakataza kumpa mwandishi fedha au kishawishi chochote, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Zinasema wazi. Basi afisa uhusiano wa Dodoma au Kisumu aliyeisoma kanuni hiyo afanye nini kesho asubuhi?

Mbele yake amesimama mwandishi wa kujitegemea aliyepanda pikipiki kwa fedha yake mwenyewe, anayelipwa kwa kila habari inayotoka, na malipo yenyewe huchelewa. Bila nauli, hatakuja mkutano ujao. Asipokuja, wananchi wa wilaya nzima hawatasikia habari za dawa za mifugo au za mafuriko. Je, huyu mwandishi ni mla rushwa? Mimi siwezi kumwita hivyo. Lakini nauli ikizidi nauli, ikawa ya kumfanya asiulize swali gumu, tena ikatolewa baada ya mkutano huku akitazamwa usoni, hapo tumeshavuka mpaka, na sote tunajua tumeuvuka.

Mimi naamini kanuni ya kukataza ni sahihi, ila haitoshi kukataza. Kanuni ya kwetu ingeweza kusema hivi: usafiri utolewe kama usafiri, basi moja kwa wote, au kiwango kinachojulikana, kilichoandikwa, ambacho mhariri amekijua kabla na ambacho msomaji akiuliza anaambiwa. Chochote nje ya hapo ni marufuku. Je, Athens mwaka 1965 alikuwepo mtu wa kuyasema haya ya mwandishi wa pikipiki? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Viwango vya dunia vikiandikwa, vyama vya kwetu lazima viwe mezani, na viende vimejiandaa kusema mambo kama haya ya bahasha kwa majina yake.

Na vyama tunavyo. Chama cha Kenya, PRSK, kipo tangu mwaka 1971. Shirikisho la Afrika lilizaliwa Nairobi mwaka 1975, na leo ndilo tunalolijua kwa jina la APRA. Uganda wana chao, Tanzania tuna chetu, na maafisa habari wa serikali wana chama chao cha TAGCO. Hatuanzi sifuri.

Sasa, wasikilizaji, nadhani wengi wenu mnajiuliza: kwa nini isitungwe sheria tu? Mtu asiye na leseni asifanye kazi hii, basi. Nchi zipo zilizofanya hivyo. Brazil ilitunga sheria mwaka 1967. Nigeria, ambako taasisi ya wanauhusiano ilianza mwaka 1963, iliipa taasisi hiyo nguvu ya kisheria mwaka 1990. Hata Edward Bernays, Mmarekani ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa kazi hii, alidai leseni mpaka uzeeni.

Njia hii ina uzuri wake, lakini mimi naiogopa kidogo. Niwaeleze. Uhusiano wa umma haufanywi na makampuni peke yake. Wanakijiji wanaotetea ardhi yao wakimteua kijana mmoja awaandikie taarifa na kuzungumza na redio, kijana huyo anafanya uhusiano wa umma. Chama cha wafanyakazi kina msemaji, na wazazi wanaodai barabara ya shule yao wana msemaji. Ukisema asiye na leseni asiseme, ukampa ofisa mmoja mamlaka ya kutoa na kunyima leseni, utajua mwanzo wake, mwisho wake hutaujua. Kampuni kubwa itapata leseni siku ya kwanza. Kijana wa kijijini ndiye atakayeambiwa arudi wiki ijayo.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: uanachama ubaki hiari, lakini waajiri waufanye sharti kwa mtu wanayemlipa. Serikali, halmashauri, benki, mashirika ya maendeleo, wakitangaza nafasi ya afisa uhusiano au zabuni ya kampuni ya mawasiliano, waandike kwamba mwombaji awe mwanachama wa chama chenye kanuni na chenye kamati ya kusikiliza malalamiko. Hapo uanachama unakuwa kitu chenye thamani, na kitu chenye thamani mtu anaogopa kukipoteza. Kijana wa kijijini, asiyelipwa na mtu, anabaki huru kusema.

Kuna mtu mwingine anayelindwa na kiwango, na huyu husahaulika. Ni afisa uhusiano mwenyewe, hasa kijana. Tuseme umemaliza chuo, una miezi michache kazini, kiwanda kimemwaga maji machafu mtoni, na bosi anakuita ofisini. Anakuambia: andika kuwa maji ni salama. Unauliza, vipimo vimetoka? Anakuambia, wewe andika. Utafanya nini? Kodi ya nyumba inakusubiri. Mdogo wako anasubiri ada. Ukisema "mimi sioni vizuri," utaonekana mkaidi. Lakini ukiweza kusema, "Mkurugenzi, nikiandika hivi kabla ya vipimo chama changu kitanifukuza, na zabuni yetu ya mwakani inadai niwe mwanachama," hapo bosi naye ana la kufikiria. Huko chini mtoni, mama anayechota maji ya kupikia hajui kama mazungumzo hayo yalifanyika. Lakini yanamhusu kuliko wote wawili waliokuwa ofisini.

Sasa nivuke mpaka, maana tunazungumzia viwango vya nchi na nchi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina soko la pamoja tangu Julai 2010. Chini ya soko hilo, wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wa nchi zetu walishatiliana saini mikataba ya kutambuana, ili mtaalamu wa nchi moja atambulike katika nchi nyingine. Uhusiano wa umma haumo katika orodha hiyo. Na ni kazi ipi inayovuka mipaka yetu kirahisi kuliko hii? Mhandisi lazima afike kwenye daraja. Taarifa haihitaji pasipoti. Kampuni ya mawasiliano inaweza kukaa Nairobi, ikahudumia mteja wa Kampala, na maneno yake yakamfikia mvuvi na mchuuzi wa dagaa Mwanza na Bukoba kwa lugha hii hii ninayozungumza sasa. Ziwa ni moja, na Kiswahili kimoja.

Mchuuzi huyo akidanganywa, akashtaki wapi? Leo, hana pa kwenda. Dar es Salaam watamwambia aliyetunga si wa kwao. Nairobi hamjui mtu.

Ndiyo maana ningependa vyama vya Afrika Mashariki vianze na jambo hili kabla ya mitihani ya pamoja, kabla ya vyeti, kabla ya mikutano ya hoteli. Vikubaliane kwamba lalamiko lililopokelewa na chama cha nchi moja litapelekwa na kusikilizwa na chama cha mwanachama anayelalamikiwa, popote alipo. Lalamiko liweze kuletwa kwa Kiswahili, hata kwa mdomo kupitia simu, maana tukidai barua ya Kiingereza yenye viambatisho tumeshamfungia mlango mchuuzi wa dagaa. Na uamuzi utangazwe hadharani, redioni pia, kwa jina la kampuni. Watu wa Afrika Kusini waliweza kushtaki London kwa sababu walikuwa na chama kikubwa cha siasa na magazeti yenye nguvu nyuma yao. Mwananchi mmoja mmoja hana hayo.

Najua nasikilizwa na viongozi wa vyama hivi, maana baadhi yenu hunipigia simu baada ya kipindi. Mtaniambia fedha hakuna, na kwamba kamati za maadili ni watu wa kujitolea. Naelewa, na siichukulii kazi hiyo kuwa nyepesi. Lakini kamati ya watu watano wa nchi tano, wanaokutana kwa simu, haihitaji jengo.

Na wewe msikilizaji wa kawaida, wakati tunawasubiri, ukisikia tena taarifa kwamba hakuna tatizo, uliza mambo matatu: nani ameitoa, nani ameilipia, na imethibitishwa na nani. Ukipata taarifa ya kampuni au ya ofisi yoyote iliyokufikia ikiwa na majibu ya maswali hayo matatu, ndani yake, bila wewe kuyatafuta, tuletee hapa studio. Ningependa tuisome hewani, na mwandishi wake tumtaje kwa heshima.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa na afisa habari wa halmashauri moja, naye atajibu maswali yenu mwenyewe. Yaandaeni.